Mustang ya Dola Elfu Tisa

Mke wangu ana daftari la jalada gumu ambalo nyumbani tunaliita Hansard, kwa sababu kila nililowahi kutamka kuhusu fedha limo humo na tarehe yake. Ukurasa mmoja una kichwa cha habari: "Mradi wa gari la Baba Neema. Bajeti: dola 9,000. Muda: miezi sita." Chini yake kuna sahihi. Mwandiko ni wangu, siwezi kuukana.

Chanzo cha yote ni kibanda cha video Magomeni, nilipokuwa mtoto. Siku hiyo walionyesha Gone in 60 Seconds, ile ya mwaka 2000 aliyocheza Nicolas Cage, na ndani yake akatokea Eleanor: Mustang ya 1967, ya kijivu, mistari myeusi kutoka puani hadi mkiani, mlio wake ukatikisa mabenchi. Nilirudi nyumbani nikamuunda Eleanor wangu kwa waya, magurudumu nikayakata kwenye ndala. Gari hilo lilinigharimu ndala moja ya mama na viboko vitatu. Mpaka leo ndilo gari langu pekee lililokwisha ndani ya bajeti.

Maisha yakanipeleka Fort Worth, Texas. Nikapata kazi ya ghala, nikapata nyumba yenye gereji, na gereji tupu ni kama mfuko wenye hela: haikuachi ukae kwa amani. Nikaanza kuulizia bei. Shelby GT500 halisi ya 1967, gari ambalo Eleanor alivalishwa ili afanane nalo, haishikiki chini ya dola 100,000. Mwaka ule zilitengenezwa 2,048 tu. Lakini Mustang za kawaida za mwaka huohuo zilitengenezwa zaidi ya 470,000. Hesabu ikajipiga yenyewe kichwani: nunua ya kawaida, ivalishe. Hata Eleanor wa filamu hakuwa Shelby. Walichukua Mustang za kawaida wakazibandika pua na boneti za kuchonga. Kama Hollywood wameghushi, mimi wa Magomeni ni nani nisighushi?

Waswahili walishaonya kwamba usiige kunya kwa tembo, utapasuka msamba. Nilidhani methali ile inahusu watu wengine.

Nikueleze kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe. Gari la misuli, kama Wamarekani wanavyoliita, ni dhana rahisi: chukua gari la kawaida la mtu wa kawaida, litie injini kubwa kupita akili, kisha liuze kwa bei ambayo kijana mwenye ajira ataimudu. Pontiac GTO ya 1964 ndiyo inayosifiwa kwa kuwasha moto huo. Mustang yenyewe ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwa bei ya kuanzia dola 2,368, siku tisa kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Kwa hiyo Mustang ni kaka wa Muungano wetu, na kama mdogo wake, ina kero zake.

Kero ya kwanza ilikuwa paa. Shelby za 1967 zilijengwa juu ya Mustang zenye paa linaloteremka taratibu hadi nyuma, na hizo ni ghali hata zikiwa zimeoza. Iliyokuwa saizi ya mfuko wangu ni ile yenye paa lililokatika ghafla kama ngazi, ambayo Wamarekani wanaiita kwa neno ambalo mimi nikilitamka linatoka "kupe". Ningepaswa kushtuka hapohapo. Nilimnunua kupe huyo kwa dola 4,500 kwa mzee mmoja nje ya mji, nyuma ya banda lake. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kuku amelalia mayai.

Mtu mwenye akili angemwona kuku akaondoka. Mimi niliona baraka, kwa sababu Carroll Shelby, mwenyeji wa Texas hiihii, alianza kwa kufuga kuku. Kundi la kwanza lilimpa faida. La pili likafa kwa ugonjwa, naye akafilisika kama alivyofilisika kila mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyewahi kupiga hesabu za kuku kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba sisi hurudi kazini kimyakimya, yeye akaenda kwenye mashindano ya magari, na mwaka 1959 akawa mmoja wa madereva wawili walioshinda Le Mans. Nikajiambia: kuku, Texas, Mustang. Yametimia.

Na kuhusu paa nilikuwa na utetezi. Kwa mwaka 1967 iliundwa GT500 moja ya majaribio yenye paa kama la kwangu, iliyopewa jina la Little Red. Kwa miongo kadhaa watu waliamini imeshapondwapondwa, hadi 2018 ilipokutwa imetelekezwa huku kaskazini mwa Texas. "Mimi ninaiga ile moja," nilimwambia mke wangu. Akafungua Hansard akaandika.

Kila Mustang ya zama hizo ina namba inayotaja ukoo wake. Yangu inaanza na 7R01T. Saba ni mwaka 1967. R ni kiwanda cha San Jose, California, ambako hata Shelby za mwaka huo zilianzia kabla ya kupelekwa Los Angeles kukamilishwa, kwa hiyo tulizaliwa hospitali moja. Sifuri moja ni kupe. Na T, ewe msomaji, ni injini ya silinda sita yenye nguvu za farasi 120. GT500 ilikuwa na 355. Tena farasi wangu walikuwa wamefanya kazi zaidi ya miaka hamsini, na wengi wao walishageuka punda.

Kabla ya farasi, kutu. Mustang hizi zina mfereji uliojificha chini ya kioo cha mbele, unaopokea maji ya mvua. Ukioza, mvua inanyesha ndani kuliko nje. Kipimo chake ni cha kienyeji kabisa: mwaga maji juu, chungulia chini. Nikamwomba shemeji, mdogo wa mke wangu, aingie ndani na tochi, mimi nikamimina ndoo. Nikamuuliza, "Shemeji, unaona tone?" Kimya. Kisha sauti ikatoka chini ya dashibodi: "Shemeji, niletee taulo." Tulipong'oa zulia tukakuta fundi wa zamani ameziba sakafu kwa bati la alama ya barabarani. Lilisomeka SIMAMA. Nalo sikulisikiliza.

Kukata sakafu na kuchomelea mpya kukala miezi minne. Nilinunua mashine ndogo ya kuchomelea ili niokoe pesa ya fundi. Mishono yangu ya mwanzo ilifanana na kinyesi cha njiwa, nikaisaga, nikarudia, nikatoboa, nikaziba nilipotoboa. Hansard ikafika dola 8,100, na gari bado halijawaka.

Injini niliipata kwenye yadi ya magari yaliyokufa, zile ambazo unaingia na spana zako unafungua mwenyewe. GT500 ilikuwa na injini ya lita 7, ambayo bei yake ni mahari ya mabinti watatu. Mimi nilichukua ya lita 5 yenye silinda nane, kutoka kwa Ford Explorer ya mwishoni mwa miaka ya tisini, yenye kiti cha mtoto bado kimefungwa nyuma. Misuli ya gari langu ilitoka kwa mama aliyekuwa akiwapeleka watoto shule.

Kilichofuata kitamsaidia yeyote mwenye ndoto kama yangu. Injini kubwa haiji peke yake, inakuja na ukoo mzima kama bibi harusi. Rejeta ya zamani haiwezi kuipooza. Breki za zamani haziwezi kuizuia. Springi za mbele zinalala. Difu ya nyuma ya silinda sita ni nyembamba, itakatika. Na rimu nzuri nilizokwisha kununua, za dola 600, zilikuwa na matundu matano. Gari langu lilikuwa na nati nne. Mustang ya silinda sita ina nati nne kila gurudumu, ya silinda nane ina tano, jambo ambalo kila mtoto wa Texas analijua na ambalo mimi nililijifunza nimepiga magoti.

Siku ya kuwasha niliita watu. Mke wangu alipika pilau. Nilipanga nyaya za plagi kwa mfuatano uliomo kwenye kitabu cha Mustang ya zamani: 1-5-4-2-6-3-7-8. Nikazungusha ufunguo. Kabureta ikatema moto, bomba la nyuma likalipuka, tena na tena. Kwingine jirani angeita polisi. Texas, jirani alichungulia juu ya ua akaniuliza kwa heshima nawinda nini.

Tulihangaika wiki tatu. Kumbe injini ya Explorer, ingawa inafanana na babu yake kama maji na maji, inachoma kwa mfuatano mwingine: 1-3-7-2-6-5-4-8. Tulipobadilisha nyaya nne, ikawaka kwa ufunguo mmoja. Furaha ilidumu dakika moja. Gari lilitetemeka hadi kikombe cha chai juu ya boneti kikacheza sindimba, kikaanguka. Nilikuwa nimeifunga flaiwili ya injini ya zamani, iliyosawazishwa kwa wakia 28, kwenye injini inayotaka 50. Injini nje tena. Wageni walishakwenda, pilau lilishakwisha.

Mistari nilimwachia shemeji, kwa kuwa alinidai shukrani ya ndoo. Alipima kutoka puani akarudi, akapima kutoka mkiani akarudi, na mistari ikakutana katikati ya paa ikiwa imepishana upana wa vidole viwili. Tumeshakubaliana kwamba ukilitazama likiwa linakwenda, huoni.

Mwezi wa thelathini, si wa sita, nililipeleka kwenye mkusanyiko wa magari ya kale Jumamosi asubuhi. Mzee mmoja mwenye kofia ya ng'ombe akalizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Akatazama paa. Akatazama mistari, akasema Shelby za 1967 hazikutoka kiwandani na mistari ya juu, mingi iliongezwa na wauzaji. Kisha akaniuliza: ni halisi?

Hapa ndipo waigaji tunapotengana. Kuvalisha gari si kosa. Kuliuza kwa jina la baba asiyelizaa ni wizi, na namba ipo pale itakuumbua. Nikamjibu: silinda sita, kupe, sakafu ya SIMAMA, injini ya mama wa watoto watatu. Akacheka hadi akavua kofia. Akasema la kwake pia ni la kuiga, ila hajawahi kuulizwa.

Jioni mke wangu alifunga ukurasa: dola 23,640. Kwa fedha hizo, mwezi uleule, lilikuwapo gari kama hili linauzwa mji wa jirani, limekamilika, mistari imenyooka, dola 19,000. Mwenyewe alisema kwa uchungu kwamba limemgharimu mara mbili ya hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja. Ukitaka gari la misuli la kuiga kwa bei nafuu, usilijenge. Mtafute mtu aliyekwisha kulijenga, mkewe akiwa na daftari, umpe pesa taslimu kabla hajaacha kulia.

Usije kwangu lakini. Langu haliuzwi.