Namna ya Kulitumia Neno Juok Ukiwa Usenge

Ukishuka ufuoni Usenge, kando ya Ziwa Victoria, asubuhi, akina mama wakiwa wanaanika omena juu ya nyavu, huenda ukalisikia neno hili kabla hujanywa chai. Usikurupuke kulitumia. Juok ni neno zito la Kijaluo. Mwanahistoria Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, aliliandikia makala nzima mwaka 1961, na ukilifuata utaona ni pana kuliko uchawi: limebeba roho, nguvu na siri ya uhai. Anayelifanya tusi la kumtupia jirani amelidhulumu.

Anza na ziwa, ambako neno hili hukimbiliwa msiba ukitokea. Ngege wa vizimbani wakikutwa alfajiri wanaelea, matumbo meupe juu, kizimba baada ya kizimba, usiulize nani alipita usiku. Uliza upepo ulivumaje. Upepo mkali huyakoroga maji, yale ya chini yaliyopungukiwa oksijeni yakapanda, na samaki aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Waite watafiti wa samaki kutoka Kisumu kabla hujamwita mganga.

Mtu akizama njiani kwenda kisiwa cha Mageta, ulizia kwanza jaketi la kuokoa maisha, kisha uzito wa shehena. Ukishajibiwa yote mawili, mara nyingi hutabaki na la kuongeza.

Wakisema nyawawa wanapita, chukua sufuria ugonge pamoja na wenzako. Mizimu ile inasemekana hutoka ziwani na upepo, na kelele ndizo huirudisha. Naipenda desturi hiyo, kwa sababu kijiji kizima huamka na hakuna anayetajwa jina.

Hapo ndipo penye kanuni kubwa: neno hili lisibandikwe mtu. Likishageuka jajuok, yaani mchawi, hutafuta wa kumwangukia, na mara nyingi humpata mjane mzee mwenye kipande cha ardhi kinachomezewa mate. Kisii, mwaka 2008, watu wasiopungua 11 waliteketezwa kwa kuitwa wachawi. Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 inamtia hatiani hata yule anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa amepeleka shauri lake kwa chifu, polisi au mkuu wa serikali.

Kwa hiyo ukisikia vijana wanamwita dani, yaani bibi, wa jirani jajuok, usipite. Kaa naye mlangoni, umpigie chifu simu, na usiondoke mpaka afike.