Ploti ya Siri

Mama mkwe wangu haamini pesa iliyolala benki. Kwake pesa ni udongo, tena udongo wa Waithaka, si zile ploti za mbali zinazotangazwa redioni kila asubuhi. Kwa hiyo mkopo wa Sacco wa mume wangu ulipoingia, tuliitwa jikoni kwake. Chai haijapoa, ikawa imeamuliwa: tununue ploti, tujenge vyumba vya kupangisha.

Kuamua ni rahisi. Waithaka ilikuwa Kiambu hadi mipaka ya Nairobi iliposogezwa mwaka 1963, na mashamba yake yalipimwa na kuandikishwa wakati wa Hali ya Hatari, watu wakiwa wamefungiwa vijijini. Ndiyo maana hati za huku, zile zinazoanza na Dagoretti/Waithaka kisha nambari, nyingi ni za mashamba ya ukoo. Babu aligawia wana, wana wakagawia wajukuu, na kila kipande kikaota nyumba za mabati, kisha za mawe, siku hizi za ghorofa. Ploti inayomfikia dalali imetoroka ugomvi au deni.

Na madalali hawakosi. Kila mmoja ploti yake iko kona, lami iko karibu, stima na maji vipo, mwenyewe yuko majuu na ana haraka, bei inaongeleka. Kwanza lakini utoe kitu cha mafuta. Tulionyeshwa ploti iliyokuwa njia ya maji ya mvua. Tulionyeshwa nyingine ambayo madalali wawili walituuzia kwa bei mbili tofauti, kila mmoja akituonya tujihadhari na mwenzake, na hapo wote walikuwa wakweli.

Pesa zetu pekee hazikutosha, hivyo tukatafuta washirika. Shemeji yangu, kitinda mimba, alikuja na maarifa. Pesa, akasema, zitafuata. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na pesa, ila alitaka jina lake litangulie kwenye hati na awe huru kujitoa wakati wowote. Tukaenda kwa wakili mjini, na mama mkwe akasisitiza kuandamana nasi. Wakili akaeleza kwamba kuna umiliki ambao mmoja akifa, aliyebaki anachukua yote, lakini tangu sheria ya usajili wa ardhi ya 2012, bila ruhusa ya mahakama huo ni wa mke na mume tu. Washirika wengine kila mtu huandikiwa fungu lake, na akifa, fungu linakwenda kwa warithi wake. Mama mkwe alishika ile sehemu ya mwanzo tu. Njia nzima ya kurudi alimkagua mzee wa kanisa kwa jicho la polisi wa barabarani.

Ndipo dalali mmoja akapiga simu kwa sauti ya chini. Ana ploti, moja ya nane ya ekari, bei ya kutupa. Masharti: twende jioni, tupite nyuma, tusizungumze na majirani, maana mwenye shamba ni mzee na hataki watoto wake wajue. Kabla ya Ijumaa tuwe tumetoa pesa ya kuishikia.

Tukaenda. Alitupitisha kichochoro kati ya ghorofa mbili mpya, tukatokea kwenye ua wa miti ya miiba. Giza lilikuwa linaingia. Akatuonyesha mparachichi mkubwa, akapiga hatua za kupimia, kisha akanyoosha kidole: "Pale kuna kitu kidogo cha saruji, lakini hicho tutakitoa." Mume wangu akasogea, akainama, akawasha simu kumulika. Kile kitu kidogo cha saruji kilikuwa kaburi la babu yake. Siku zote sisi huingia pale kwa lango la mbele. Upande wa nyuma, tangu majirani wajenge, hatukuwa tunaujua tena. Dalali akauliza kama bei ina shida.

Muuzaji alikuwa baba mdogo, ambaye ndiye anayekaa kwenye lile shamba. Na aliyempa dalali nambari yetu? Shemeji, mwenye maarifa. Alipowekwa kitako jikoni hakukana. "Si afadhali tununue sisi kuliko mgeni?" Nakiri hoja ile ilinipa shida kidogo. Mama mkwe haikumpa shida hata chembe. "Babako arithi, wewe ununue? Tena kwa mkopo wa mwenzako?" Shemeji akasahau hata chai yake.

Nikafanya sachi ya ile hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali ulioanza na Nairobi mwaka 2021. Jina lilikuwa la babu, aliyekufa mume wangu akiwa shule ya msingi. Wakili alicheka kwanza, kisha akaacha. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, inasema kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kabla ya kuuza hata upana wa mkeka, iletwe barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, kesi itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi apewe siku 30.

Wote, baba mdogo akauliza, ni pamoja na wasichana walioolewa? Hakumaliza swali. Shangazi za mume wangu walifika Jumamosi hiyo hiyo, kutoka Uthiru na Limuru, kila mmoja na kopi ya kitambulisho mkobani. Sheria haiulizi nani ameolewa.

Faili sasa iko mahakamani Milimani. Mzee wa kanisa amenunua matatu. Sacco inakata yake kila mwisho wa mwezi, ploti iwepo isiwepo. Baba mdogo hatusalimii, na yule dalali, nasikia, hajachoka. Kwa hiyo ukipigiwa simu ya sauti ya chini, uitwe jioni Waithaka kuona ploti yenye mparachichi na kitu kidogo cha saruji, usitoe hata pesa ya mafuta. Ina wenyewe kumi na mmoja, na mmoja wao ni mama mkwe wangu.