Jinsi ya Kutafakari Somo Kabla Hujalifundisha

Mwalimu wa Kiingereza, wataalamu wanataka utafakari kazi yako. John Dewey aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1910, Donald Schön akalitolea kitabu kizima mwaka 1983, na siku hizi ni nadra semina ya walimu kufungwa bila kulitaja, kwa kawaida muda mfupi kabla ya posho. Usihofu. Tafakari haina ugumu ukiijulia.

Anza Jumapili usiku. Wapo wanaodhani tafakari huja baada ya kipindi. Hao hawajawahi kutokewa na mthibiti ubora wa shule saa mbili asubuhi. Chini ya andalio la somo pana nafasi za tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu na maoni. Zijaze zote za wiki nzima kwa mkao mmoja. Sentensi inayohitajika ni moja tu: somo limefundishwa vizuri na zaidi ya nusu ya wanafunzi wameelewa. Hiyo "zaidi ya nusu" ndiyo kinga yako. Ukiandika wote, utaulizwa mbona wamefeli mtihani. Ukiandika wachache, utaulizwa wewe ulikuwa wapi. Jumatano mvua ikipiga bati hadi usiisikie sauti yako mwenyewe, haidhuru. Wameshaelewa tangu Jumapili.

Darasani, kusanya ushahidi. Uliza "Are we together?" na wote wataitikia "Yes!", hata aliyekuwa amesinzia. Hawa ni watoto wa kidato cha kwanza waliosoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kwenye ratiba, kisha wakafika sekondari wakakuta baiolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza. Wamejifunza upesi kwamba "yes" humaliza maswali na kimya huyaleta. Kwa hiyo usiwaulize mmoja mmoja. Yule wa dawati la nyuma ukimtaka atunge sentensi yake mwenyewe ya wakati uliopita, anaweza kusema "I was go", na utakuwa umeharibu tafakari nzuri iliyokwisha kuandikwa kwa wino.

Madaftari yasahihishe kwa tiki ndefu, kutoka kona hadi kona, macho yakiwa kwingine. Ukisoma mistari yenyewe unaweza kukuta kosa lilelile katika madaftari 30, na kosa linalofanana kiasi hicho aghalabu limeanzia ubaoni. Simu yako nayo inarekodi sauti, lakini mweke mbali huyo mbea: atakuonyesha kwamba katika kipindi cha dakika 40 umeongea peke yako karibu zote, darasa zima la Kiingereza likaambulia "yes" na "good morning". Na mwenzako akiomba aje akae nyuma akutazame unavyofundisha, mwambie leo wanafanya marudio. Kesho pia.

Hatimaye peleka andalio kwa mwalimu wa taaluma. Atasaini bila kusoma, kwa kuwa ana rundo la maandalio ya walimu wote mezani, na la kwake amelijaza Jumapili hiyohiyo. Mwakani nakili yaleyale. Badilisha tarehe tu.