Sifa za Picha Iliyogoma Kuhama

Wahariri wenzangu, matusi tumeyatoa ya kutosha. Leo tuisifu picha iliyo ndani ya hati ya Word, ile inayogoma kwenda kwenye tovuti.

Maneno hayana msimamo. Ukiyanakili na kuyabandika kwenye WordPress huja yote, pamoja na makosa yake ya tahajia. Picha ni muungwana, haichukuliwi kiholela. Mara nyingi hukuachia kisanduku kitupu chenye anwani inayoanza na "file:///C:", yaani inakuarifu kwa adabu kwamba imo humo humo ndani ya kompyuta yako, kwenye folda ya faili za muda, na safari haina.

Basi ifuate kwao. Hati ya .docx ni furushi la zip: badilisha mwisho wa jina lake uwe .zip, ifungue, ingia folda ya "word", kisha "media". Utazikuta image1, image2, image3. Huko hakuna mkubwa wala mdogo: mheshimiwa waziri ni image4, mbuzi wa maonyesho ni image5. Tena picha haifichi siri. Shemeji aliyekatwa pembeni kwa mkasi wa Word mara nyingi bado yumo, kasimama palepale, anatabasamu.

Unyenyekevu nao usiutafute kwake. Inakuja na megabaiti 8 mbele ya seva ya PHP ambayo, isiporekebishwa, hupokea faili lisilozidi megabaiti 2. Ikipenya, WordPress tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 huipunguza ikizidi pikseli 2560. Haikupungua yenyewe, ilipunguzwa.

Lakini sifa yake kuu ni ualimu. Ingekuwa inahama kwa wepesi, nani angeitazama mara ya pili? Nani angeibadilisha jina, akauliza aliyeipiga ni nani na kama ametoa ruhusa? Nani angekumbuka maandishi mbadala, yale ambayo programu ya kusoma skrini humsomea msomaji asiyeona? Mgomo wake ndio unaotukalisha chini tukafanya kazi tuliyotaka kuiruka.

Kwa hiyo, waandishi, tunawaomba: tuleteeni picha kando ya hati, kila moja na jina lake, maelezo yake na jina la mpigaji. Mafunzo ya huyu mwalimu tutayakosa, lakini tutavumilia.