Namna ya Kuugua Saratani Tabora na Ukahesabiwa

Shika njia ileile ya misafara ya zamani, ila sasa unapanda treni au basi, na mzigo wako ni barua ya rufaa kutoka Kitete. Utaishia Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye mionzi. Rejesta za saratani nazo ziko hukohuko.

Ukifika dirishani, karani atakuuliza: "Shikamoo mama, unaishi wapi?" Usijibu "Mbagala" kwa kuwa umefikia kwa mdogo wako. Jibu "Nzega", kisha taja kata na kijiji, na usiondoke mpaka uone vimeandikwa. Rejesta humhesabu mgonjwa kwa makazi yake ya kawaida. Ukijiita mtu wa Mbagala, Dar es Salaam inabebeshwa ugonjwa usio wake na Tabora inaonekana mkoa wenye siha. Mkoa wenye siha hauletewi daktari wa saratani.

Kubali pia kutolewa kinyama cha kupimwa. Kile kipande kilichomo kwenye kichupa cha fomalini ndicho ushahidi wako. Dai jibu lirudi na liingie kwenye faili, hata kama umeshachoka kupanga foleni.

Kazi kubwa ni kufa. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Lakini anayefia nyumbani Sikonge huzikwa kesho yake, na cheti hutafutwa pale tu panapokuwa na mirathi au mafao. Mjane asiye na cha kurithi haendi RITA, wakala wa usajili, na mumewe anabaki hai rejestani. Nchini Estonia, kati ya 2001 na 2007, tafsiri ya sheria ya kulinda taarifa binafsi iliizuia rejesta ya saratani kulinganisha majina na orodha ya vifo. Wafu wakahesabiwa wazima, tiba ikaonekana inaponya kuliko ilivyoponya. Kwa hiyo waagize wanao mapema: waandikishe kifo chako, na chanzo kiwe saratani, si "kuugua muda mrefu".

Hayo yote umebebeshwa wewe mgonjwa kwa sababu sheria haijambebesha mwingine. Kipindupindu kikizuka, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inamtaka mganga atoe taarifa. Saratani haiambukizi vile, ikaachwa kwa hiari ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imefanya haki kulifunga faili lako dhidi ya wadaku. Isipofafanuliwa, karani mwoga atamfungia hata mwandikishaji wa rejesta. Kenya ilitunga sheria yake ya saratani mwaka 2012, na rejesta imo ndani yake.

Mwaka 2020 Tanzania ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000. Ni makadirio, yaliyojengwa juu ya rejesta chache.

Waheshimiwa wabunge wa Tabora, Nzega, Igunga, Uyui, Urambo, Kaliua na Sikonge: pelekeni bungeni kifungu kinacholazimisha kila hospitali na kila maabara kuripoti saratani pamoja na kijiji cha mgonjwa, na kinachoiruhusu rejesta kusoma orodha ya vifo. Wapiga kura wenu wanaougua wana haki ya kuhesabiwa kwao.