Barua kwa Mheshimiwa Muhuri

Kwa Mheshimiwa Muhuri,
Meza ya Vibali vya Ujenzi,
Nairobi.

Mimi mzima wa afya, hofu ni kwako, maana nasikia siku hizi hulali. Ukiinua kichwa tu, gorofa nyingine inangoja kugongwa. Pole kwa kazi.

Dhumuni la barua hii ni kukupongeza. Wiki jana nilikuta tangazo mtaani kwetu huku Eastlands, limefungwa kwa waya kwenye ua wa nyumba ya mawe yenye paa la vigae: kusudio la kubadilisha matumizi ya ardhi, mwenye pingamizi aandike katika siku 14. Siku hizo zilianza lini sikujua, kwa kuwa tarehe ilifunikwa na karatasi ya daktari kutoka Kitui anayerudisha mume aliyepotea. Pembe iliyobaki, mama wa mahamri alikuwa ametundika aproni. Nikamwomba aisogeze kidogo.

"Baba, hiyo si ya kusomwa," akasema, akigeuza mahamri. "Hiyo ni ya kupigwa picha."

Nikafunga safari hadi ofisini unakokaa. Kijana mpole akanionyesha fomu. Inauliza maji yatatoka wapi, majitaka yatakwenda wapi, magari mangapi yataegeshwa. Nikatafuta mstari unaouliza hapo paliwahi kutokea nini. Kijana akanitazama kwa huruma: "Mzee, hayo ni ya makumbusho."

Sikumlaumu. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti mipango ya ardhi, majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ikayaweka kwa serikali kuu. Sheria ya urithi ya 2006 inamruhusu waziri kulitangaza jengo katika Gazeti Rasmi la Kenya ili lilindwe. Ile ya mipango ya 2019 ikaiachia kaunti vibali, na wewe ukapata wino. Basi jengo lenye historia lina baba wawili, na tingatinga likija alfajiri kila baba anadhani mtoto yuko kwa mwenzake.

Chukua ukumbi wa Kaloleni, katika mtaa ambao wakoloni waliwajengea Waafrika miaka ya 1940. Tarehe 23 Aprili 1950, chama cha Waafrika, KAU, na kile cha Wahindi, East African Indian National Congress, vilikutana hapo. Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanyakazi, akasimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hakuomba kiti kimoja zaidi barazani, wala nyongeza ya mshahara. Tarehe 15 Mei akakamatwa pamoja na Fred Kubai, Nairobi ikagoma, na Singh hakuachiliwa hadi 1961. Leo ukipita hapo jioni huenda ukakuta kamati ya matanga ikichanga nauli ya kumpeleka marehemu Siaya. Ndivyo ukumbi unavyotakiwa kuwa, kwa maoni yangu: wenye viti vya plastiki na kelele.

Kule upande wa pili wa mji, nyumba ya Karen Blixen ina bustani, kiongozi wa wageni na tiketi. Sina kinyongo, mama wa watu alilima kahawa. Sisi wa huku tumehifadhiwa ndani ya matatu, katika majina ya mitaa. Kariokor ni wale wapagazi wa Carrier Corps wa vita vya kwanza vya dunia. Mbotela na Ofafa ni madiwani waliouawa 1952 na 1953. Makondakta huwataja tangu alfajiri, bila bajeti ya mtu yeyote.

Kwa kuwa unapenda mambo yaliyonyooka, nimegundua kosa letu. Mkutano ule wa 1950 haukuwa na kibali chako. Naambatanisha ombi la kuuhalalisha, ijapokuwa tumechelewa:

Shughuli: kudai uhuru.
Maegesho ya magari: hakuna, watu walikuja kwa miguu.
Majitaka: hayakuongezeka.
Sahihi ya mwombaji: marehemu.

Ada nitalipa kwa M-Pesa. Ukilikataa ombi, nijulishe mapema huo uhuru turudishe dirisha namba ngapi, na kama wanafunga saa ya chakula cha mchana.

Wako mtiifu,
Mpangaji, Eastlands.