Taa Imesingiziwa

Mita ya LUKU ikianza kulia, kila nyumba hupata mtu wa kuanzisha doria. Mara nyingi ni baba. Anazima taa ya ukumbini, anazima ya kibarazani, anachomoa chaja isiyo na simu na kuuliza nani aliyeiacha, kisha anatangaza kwamba nyumba hii haina mwenye uchungu na pesa. Akishamaliza hotuba anaingia bafuni, anawasha hita na kuoga maji ya moto huku akiimba taarabu nzima na viitikio vyake. Uniti zinaishia humo.

Maana umeme wa nyumbani hauliwi na mwanga, unaliwa na joto. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Balbu ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 110 ndipo iimalize. Hita ya bafuni ya wati 5,000 inaimaliza kwa dakika 12, na taarabu yenyewe bado haijaisha vizuri. Kila siku hivyo, mwezi ukikatika ni uniti 30. Kwa nyumba iliyo daraja la D1, ambako kikomo ni uniti 75 kwa mwezi, mwimbaji mmoja amejichukulia asilimia 40 ya fungu la watu wote. Wa Njombe mwezi Julai namsamehe. Wa Dar es Salaam mwezi Februari, ambaye maji ya bombani yanamtokea vuguvugu yenyewe, anachemsha nini?

Wazee watasema wamelelewa wakizima taa. Ni kweli, na walikuwa sahihi: balbu ya waya ilikula wati 60 au 100, na sehemu kubwa ya umeme huo iliishia kuwa joto. Lilikuwa jiko dogo lililotundikwa darini. Balbu ikabadilika, doria ikabaki ileile. Wengine watanijibu kwa haba na haba. Sawa, ila tuipime hiyo haba. King'amuzi kinachokula wati 10 usiku na mchana hukusanya uniti 7 kwa mwezi, hicho kizimwe kwenye soketi bila huruma. Chaja tupu ya kisasa haifiki hata nusu wati. Mwaka mzima haimalizi uniti 5. Iacheni ipumzike.

Pasi ndiyo yenye vituko. Shati moja kila asubuhi, chuma kinapashwa upya, mwenye shati anakwenda kutafuta mkanda, njiani simu inaita, na akirudi pasi bado inamngoja kwa uaminifu wote. Nguo za wiki zikipigwa kwa mkupuo mmoja, pasi inapashwa mara moja tu, na zile nyepesi zinamaliziwa ikiwa imeshachomolewa.

Jikoni, maharage yaliyolowekwa tangu usiku hayachelewi kuiva, na sufuria ya presha ya umeme hujikata mvuke ukishajaa, wakati jiko la koili linaendelea kupasha sufuria, kuta na mpishi kwa pamoja. Kuna watakaosema maharage ya presha hayana ladha ya yale ya mkaa. Kwa hilo sibishani nao, ila wanaolisema huwa si wao wanaopuliza huo mkaa.